Dege la Moto Lililotoka Kwenye Mitumba

Kabla sijafika kwenye dege lenyewe lazima nianze na suruali, kwa sababu bila suruali dege lile lisingepata njia ya kuingia nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Mfaranyaki. Miaka ya shida kazi yangu ilikuwa ya heshima. Kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni, na mtu akikipata anakuja nacho amekikumbatia kifuani kama kichanga, anakaa palepale barazani mpaka nimalize kukata, anaogopa nitamwibia kipande. Na kweli nilikuwa naiba vipande. Wanangu walivaa kaptula za vipande, mguu huu kaki, mguu huu bluu. Hilo nimeshaliungama kwa padri, kwa hiyo sioni haya kuliandika.

Halafu ikaja miaka ya ruhusa. Kila kitu ruhusa. Malori yakaanza kushusha marobota ya mitumba sokoni, na watu wakaacha kushona. Nani ashonewe suruali mpya wakati ya mzungu ipo, ina zipu ya chuma? Nilikaa kama mwezi mzima nikitazama cherehani yangu nayo ikinitazama. Kilichoniokoa ni kiuno cha mzungu. Suruali zile zilikuwa pana, anaingia mtu na mwenzake, basi wakaanza kuniletea nipunguze. Toka hapo robota likifunguliwa sokoni na mimi nipo, nashika suruali hii, natazama pindo la ile.

Siku moja katikati ya suruali ukaanguka mkoba wa mgongoni, wa mtoto wa shule wa huko kwao. Mwenye robota akanipa bure kwa sababu mkanda ulikuwa umekatika. Nilipofika nyumbani nikakuta ndani kuna kitabu kikubwa cha picha za rangi na kifuko cha dadu. Si dadu za kawaida. Moja ilikuwa na pande nne kama sambusa, nyingine pande nane, na moja ilikuwa na pande nyingi mpaka imekuwa kama tunda, nyekundu, na kila upande una namba.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kwenda kulima tumbaku kwa mjomba wangu Namtumbo. Kiingereza sijui. Lakini picha hazina Kiingereza. Kitabu kizima kilikuwa cha madude: jitu lenye jicho moja, joka lenye mabawa, mifupa inayotembea. Na ukurasa mmoja ulikuwa na ndege. Mkubwa kuliko nyumba, mwili mzima moto mtupu, manyoya moto, mkia moto, na macho yake yanakutazama wewe uliyefungua ukurasa, hata ukisogea pembeni. Nilifunga kitabu nikakiweka chini ya mashine.

Wakati ule tulikuwa na mpangaji katika chumba cha uani, mwalimu wa sekondari, Mhehe wa Iringa. Wangoni na Wahehe ni watani, babu zetu waliuana mpaka wakachoka wakaamua kutaniana, kwa hiyo mtu yule alikuwa hanisalimii bila kunitukana. Jumapili moja baada ya misa akakiona kitabu.

"Mla panya," akasema, "hiki umekiiba wapi?"

"Kimetoka kwenye robota, mla mbwa. Ni kitabu cha wanyama wa Ulaya."

Akafungua, akasoma muda mrefu midomo ikicheza. "Fundi, huu ni mchezo."

"Mchezo gani hauna ubao?"

"Ubao uko kichwani. Mtu mmoja anasimulia. Wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, wanasema wanafanya nini. Halafu dadu ndiyo inasema wamefaulu au wamekwama."

Jirani yetu alikuwa ameketi na sisi, Myao mmoja mcheshi, muuza dagaa wa Nyasa, mwenye baiskeli iliyonuka dagaa hata ikioshwa. Alikuwa ameishika ile dadu nyekundu anaigeuzageuza.

"Hii ina pande ngapi, mwalimu?"

"Ishirini."

"Astaghfirullah. Ile ya pande sita ni haramu lakini angalau naijua. Hii ya pande ishirini ni ya nani? Hii ni ramli."

"Ni ya watoto tu."

"Watoto wa nani?"

Mwalimu akacheka. Akasema mchezo unahitaji msimuliaji, na msimuliaji tunaye. Alinisikia jioni nikiwasimulia watoto. Hadithi nilizipata Namtumbo, kwenye bani, kile kijumba cha kukaushia tumbaku. Moto wa bani haulali, na anayeutunza halali, kwa hiyo wazee walikuwa wakisimulia ili tusisinzie. Kwa kusimulia sijawahi kushindwa na mtu. Kwa mengine nimeshindwa sana.

Mwalimu akanieleza kanuni. Nyingi nimesahau, moja sijaisahau. Alisema msimuliaji harushi dadu mbele za watu. Anaweka kificho, anarushia nyuma yake, anaona peke yake. Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu kuna wakati dadu inatoa namba mbaya ya kuua hadithi nzima. Hapo msimuliaji ana ruhusa kusema namba nyingine."

"Ana ruhusa kudanganya?"

"Imeandikwa hapa."

Nilishangaa sana. Sijapata kuona mahali pengine ambapo uongo umeandikiwa ruhusa. Kificho changu kikawa mfuniko wa cherehani, ule wa mbao wa kufunikia kichwa cha mashine. Nikausimamisha mezani, mimi nyuma yake, wao mbele.

Tukacheza Jumapili mbili tatu. Jirani alikataa kuwa askari wala mchawi. Akawa muuza dagaa mwenye upanga. Mwalimu akawa mganga. Mke wangu hakucheza, alikaa mlangoni na ungo wake anachambua maharage huku anasikiliza, na kitinda mimba wetu, binti wa miaka mitatu, amelala mkekani karibu yake. Tulicheka. Siwezi kusema hatukucheka. Jirani alikuwa akisema, "Nikifa humo ndani, dagaa wangu nani anauza?" na mwalimu anamjibu, "Nitawatafuna mimi, wanafanana kidogo na samaki."

Jumapili ya nne madude madogo yakaisha. Mwalimu akafungua ule ukurasa.

"Leo ni huyu," akasema. "Ndege wa moto. Huyu hafi. Ukimuua anaungua, anakuwa majivu, halafu kwenye majivu anazaliwa upya."

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naomba anielewe hata msomaji asiye wa kwetu. Mwalimu alisema ndege. Ndege ni kitu kidogo, ni mchiriku, ni njiwa. Mimi nasimulia kitu kikubwa kuliko nyumba, nitakiitaje ndege? Ulimi wa msimuliaji ukaongeza wenyewe. Nikasema dege. Dege la moto.

Mikono ya mke wangu ikasimama kwenye ungo.

Kwetu mtoto mdogo akipandwa na homa kali, akakakamaa, macho yakapanda juu yakabaki meupe, mikono ikawa inapigapiga kama mabawa, tunasema amepitiwa na dege. Ni dege kubwa lisiloonekana, linaruka juu ya nyumba na kivuli chake kinamwangukia mtoto. Ndiyo maana ugonjwa wenyewe unaitwa degedege. Na mtu mwenye mtoto mdogo halitaji hovyo, tena mtoto akiwa amelala palepale.

Nilimwona alivyosimamisha mikono. Nilielewa. Ningeweza kurudi nikasema ndege. Lakini hadithi ilikuwa imenishika, na ilikuwa miezi ya watu kuchoma mashamba, milima ya Matogoro inawaka mistari mistari na moshi unashuka mpaka mjini, na nikaona ni hasara kuiacha picha kama ile. Nikasema: tazameni Matogoro. Mnadhani ni watu wanachoma mashamba? Ni dege limelala mlimani, na ile mistari ni manyoya yake. Sasa linaamka. Linanyoosha bawa moja, misitu inaungua. Linanyoosha la pili. Linakuja Mfaranyaki, halipigi kelele, joto ndilo linatangulia.

Jirani aliacha kucheka. Na mkekani binti yangu akawa ameamka, ameketi, ananitazama.

"Baba, dege liko wapi?"

Nikainua kidole. Sijui kwa nini. Niliinua kidole nikaonyesha bati, juu ya kichwa chake.

"Liko hapo juu."

Mke wangu akamnyakua mtoto akaingia naye ndani, maharage yakamwagika. Mwalimu akasema tuahirishe. Yeye hakujua nimeita nini, nadhani alifikiri mtoto ameogopa tu picha.

Wiki ile mvua za kwanza zikanyesha, moshi ukaisha Matogoro, na mbu wakaja. Jumamosi asubuhi mtoto alikuwa wa moto. Mke wangu alimpa vidonge vya homa akatapika. Mimi nilikuwa barazani napunguza suruali ya karani mmoja. Nikasikia mke wangu anaita, si jina langu, anaita tu, sauti moja ndefu.

Nilipoingia mtoto alikuwa mgongo umepinda kama upinde. Macho meupe. Povu mdomoni. Na mikono, ile mikono midogo, inapiga, inapiga, kama kitu kilicho ndani kinataka kuruka na hakipati upepo. Sikumgusa. Naandika ukweli: nilisimama mlangoni na mkasi mkononi, na nilichofanya ni kutazama bati. Pale pale nilipoonyesha kwa kidole.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea tangu juzi yake. Alikuwa mama wa kijijini, mwenye adabu za zamani, mimi na yeye tulikuwa hatutazamani usoni, na akitaka kuniambia jambo anamwambia binti yake nikiwa nasikia. Lakini alikuja na kifurushi. Wamama wa zamani walikuwa hawatembei bila kifurushi. Akatoa mavi ya tembo makavu, akayaweka kwenye jiko la mkaa, akamfunika mtoto khanga akaanza kumfukiza. Kipindi kile kikaisha, mtoto akalegea, akabaki anapumua kwa kukoroma, hajitambui, moto uleule.

Mwalimu na jirani wakawa wameingia kwa zile kelele. Mwalimu akamgusa mtoto paji la uso.

"Hii ni malaria. Twendeni hospitali sasa hivi."

Mama mkwe akasema, akitazama ukuta, "Mwambieni huyo kijana, mtoto wa dege hachomwi sindano. Akichomwa anakufa."

"Bibi, wanaokufa ni wanaocheleweshwa."

"Mwambieni tulishaona."

Na tulikuwa tumeona kweli. Hili sijalisema bado, nimekuwa nalizungukazunguka. Kabla ya watoto wote hawa tulikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, tukiwa bado Namtumbo kwenye tumbaku. Naye alipitiwa. Tulimfukiza, halafu nikambeba mgongoni kwa miguu mpaka zahanati, akachomwa sindano, na pamba ya sindano ikiwa bado haijakauka akakata roho mapajani kwa mama yake. Niliiona sindano ikitoka na roho ikatoka. Kwa hiyo mama mkwe hakuwa anasema ujinga wa kijijini. Alikuwa anasema jambo lililotupata, na mimi nililiamini kuliko yeye.

Mwalimu akanivuta kando ya mashine. Hakutania. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia asinitukane.

"Fundi, yule wa kwanza mlimfukiza muda gani kabla ya kumpeleka?"

"Siku mbili."

Akaniachia mkono.

Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto begani. Huku mama yake, huku sisi. Kisha akanigeukia, na uso ule sitausahau nikiishi miaka mia.

"Wewe ndiye uliyeliita," akasema. "Lilikuja kwa dadu yako. Basi iulize. Rusha."

"Mama watoto, ile ni michezo."

"Rusha! Ikitoka kubwa, kumi kwenda juu, tunakwenda kwa sindano. Ikitoka ndogo tunabaki hapa na moshi wa mama, na hakuna mtu atakayenisemesha tena. Rusha!"

Mama mkwe akaacha kupuliza jiko. Alikuwa amesikia habari za ile dadu na alikuwa akiiogopa. Jirani akasema, "Jamani, jamani," akatoka kwenda kushika baiskeli yake, sijui kwa kukimbia au kwa kujiandaa.

Dadu ilikuwa kwenye mtoto wa meza, pamoja na vifungo. Nilipoitoa ilikuwa baridi. Na kwa mazoea, naapa ni mazoea tu, nikausimamisha mfuniko wa cherehani mezani, nikarushia nyuma yake. Iligonga mbao mara mbili ikasimama.

Ilitoka nne.

Nimekaa na namba ile miaka yote na naweza kukuambia jinsi ilivyokuwa, rangi nyeupe juu ya nyekundu, mguu wa ile nne umechubuka kidogo. Mwalimu alikuwa upande wangu wa mfuniko. Wanawake walikuwa upande wa pili. Niliisikia mashine ya kichwa changu ikizunguka bila uzi. Kama dadu ni ramli, basi imeshasema, na mtu anayejibishana na ramli anajua kinachompata. Kama ni mchezo, basi mimi ndiye msimuliaji. Na nilikuwa sijui ni kipi. Watu hupenda kusema waliamua kwa imani au kwa akili. Mimi sikuwa na imani wala akili, nilikuwa na siku mbili za moshi kichwani.

Nikaifunika kwa kiganja.

"Kumi na sita," nikasema.

Mwalimu akawahi, "Kumi na sita. Twende."

Jirani alimpakia mke wangu na mtoto kwenye baiskeli, akasukuma kwa kukimbia, mimi na mwalimu tunakimbia pembeni, mvua ikitunyeshea, tope la Mfaranyaki linatunyang'anya kandambili. Sikumbuki njia. Nakumbuka harufu ya dagaa na nakumbuka kila nilipotazama juu niliona mawingu mekundu, ingawa mwalimu aliniambia baadaye kwamba siku ile mawingu yalikuwa ya kijivu tu.

Hospitali wakampokea haraka. Nesi alikuwa mama mnene mwenye haraka zake, akamlaza mtoto, akatayarisha sindano kabla ya dripu ya kwinini. Akasema, "Baba, mshike miguu."

Nikamshika miguu. Sindano ikaingia. Na ikiwa bado imo, mtoto akakakamaa tena, mgongo ukapinda, mikono ikaanza kupiga.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinitazama juu ya mtoto.

"Ulisema kumi na sita."

"Kumi na sita," nikasema.

"Niapie."

Nikaapa. Nimeshika miguu ya mwanangu inayotetemeka, nikaapa kwa Mungu uongo. Nilisubiri roho itoke pale pale mbele yangu, kama ile ya kwanza, na safari hii ningejua nani ameiua. Si dege wala sindano, ni mtu aliyeambiwa nne akasema kumi na sita. Nesi alikuwa hatazami mtu, alikuwa anafanya kazi yake. Baadaye, sijui baadaye gani, mikono ya mtoto ikapunguza kupiga, kisha ikaacha. Nilidhani amekufa. Nesi akasema, "Amelala. Muacheni."

Lakini hakuamka. Siku hiyo hakuamka, na kesho yake asubuhi alikuwa bado hajaamka. Mke wangu akanituma nyumbani kuleta khanga na uji.

Nilipofika uani nilikuta mama mkwe ameinama jikoni, na jiko linatoa moshi wenye harufu ngeni, harufu ya rangi. Kwenye mkaa kulikuwa na majivu mengi meusi, yamekaa kurasa kurasa, na kona moja ya jalada ilikuwa bado haijaisha. Alikuwa amekichoma kile kitabu.

Nikapiga kelele. Nilisahau adabu zote. "Mama! Mama, umefanya nini?"

"Nimelimaliza," akasema. "Nimelichoma."

"Mama, hili halichomwi! Hili linazaliwa kwenye majivu!"

Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, yule mama akanitazama usoni. Alikuwa na macho kama ya mke wangu kabisa, sikuwa nimejua. Akayatazama majivu. Upepo ukapita kidogo, na majivu yale, kama ujuavyo majivu ya karatasi, yakainuka, yakatikisika, wekundu ukapita ndani yake.

Sisi wawili tukakimbilia ndoo. Yeye akashika ndoo, mimi nikashika sufuria ya maharage iliyokuwa na maji, tukamwaga, jiko likapasuka kwa kishindo, moshi mweupe ukatupiga usoni, tukamwaga tena. Tulimwaga mpaka maji ya siku nzima yakaisha. Kisha tukachimba shimo nyuma ya choo tukazika ule uji mweusi wa majivu, na mama mkwe akakanyaga udongo kwa miguu yake miwili, ananihesabia pa kukanyaga na mimi, "Hapa, mkwe. Na hapa." Tukio lile hatukulizungumza tena. Ila toka siku hiyo alikuwa akinisemesha moja kwa moja.

Nilirudi hospitali nikiwa na tope mpaka magotini na uji nimeusahau. Jirani alikuwa nje ya wodi anarukaruka kama mwehu.

"Fundi! Ameamka! Unajua ameomba nini? Dagaa! Kwa jina la Mwenyezi Mungu ameomba dagaa!"

Nikaingia. Alikuwa ameegemezwa kwa mama yake, midomo imekauka, macho yake meusi yamerudi mahali pake. Akanitazama, halafu akatazama dari, taratibu, akatafuta, akarudi kunitazama mimi. Na mimi sikuinua mkono, niliuweka nyuma.

Watu wanafikiri mtoto akipona baba anapona. Sikupona. Miezi ya mbu kila alipopata joto nilikuwa natazama juu kabla ya kumtazama yeye. Nilikuwa nafikiri: ile nne ilikuwa kweli, na kweli haipotei kwa sababu umeifunika kwa kiganja. Ipo mahali, inasubiri zamu yake. Nilishona, nilipunguza suruali za mji mzima, na nne ikawa imekaa pembeni ya mashine kama mteja asiye na haraka.

Mwalimu alihamishwa baadaye kwenda mkoa mwingine. Siku ya kufunga mizigo nilimuuliza kama aliona namba.

"Namba gani?" akasema. "Mimi nilikuwa natazama mfuniko. Mbao nzuri ile, mla panya, uliiba wapi?"

Akapanda lori, sijamwona tena. Sikupata hata kumwambia asante, maana mtani haambiwi asante, unamtukana, na siku ile tusi halikunijia.

Binti yule sasa ni mama. Anaishi Matogoro, ana mtoto wake wa kike, na mtoto akichemka ananipigia simu kabla ya kumpigia mumewe. Namwambia hospitali, sasa hivi, usiulize mtu yeyote kitu chochote, hata mimi. Ananicheka, anasema baba unaogopa sana. Naogopa sana, ndiyo.

Dadu bado ninayo, kwenye mtoto wa meza na vifungo. Sijairusha tena. Kuna siku mke wangu, tumekaa zetu tunamenya viazi, huwa anauliza tu bila kunitazama: "Siku ile ilitoka ngapi?" Ameuliza labda mara nne au tano katika maisha yetu. Kila mara nasema kumi na sita, na kila mara anasema, "Haya," anaendelea kumenya. Mtu haulizi mara tano kitu anachokiamini.

Yeye hasomi. Binti yetu ndiye atakayemsomea haya, maana nimemwambia nikimaliza daftari hili alichukue. Atafika kwenye ukurasa wenye ile nne, atasoma kwa sauti, na jikoni kisu cha viazi kitasimama. Mimi nitakuwa barazani kwenye mashine, nimeshika suruali ya mtu, nasubiri kuitwa ndani.